Koki ya Mzee Kaanaeli

Siku hizi kwaya yetu ikifika mahali ambapo sauti za juu hunyamaza na besi kuachiwa wimbo peke yake, pana shimo. Wanaume watatu waliobaki wanaimba, maneno yanasikika vizuri, lakini chini ya maneno hakuna kitu cha kuyabeba. Mwalimu wa kwaya amejaribu kuupandisha wimbo, kisha kuushusha, kisha kuuimba haraka haraka ili pale papite kabla watu hawajapagundua. Kila mtu anapagundua. Hakuna anayemtaja Kaanaeli. Mkewe, Elizabeth, husimama mstari wa mbele, macho kwenye kitabu cha nyimbo ambazo hahitaji kuzisoma.

Kaanaeli alikuwa na miaka hamsini na sita jambo hili lilipoanza. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa fundi wa kukereza vyuma katika karakana ya Twahir, Kimandolu. Asubuhi alishuka mlimani na tope kwenye viatu, jioni akapanda na grisi kwenye kucha. Upande wetu wa Meru hakuna mashine ya kumenyea kahawa ambayo mikono yake haikuwahi kuipitia. Kazi ya fundi wa namna yake ni moja: analetewa kilichovunjika, anakipima, anatengeneza kingine kama hicho. Akikosea hata kwa unene wa unywele, kinarudishwa. Akipatia, hakuna anayekumbuka kwamba kuna mtu alikitengeneza.

"Mimi ni mtu wa kujibu tu," alimwambia Twahir siku moja wakinywa chai. "Tangu nianze kazi sijawahi kuuliza."

Twahir, aliyeirithi karakana kwa baba yake mhamiaji wa kutoka Kondoa, alicheka. "Ukianza kuuliza, kaka, kazi za wateja nani atazimaliza?"

Swali lililetwa na Resiato, mwanamke mwenye baa pale Themi. Alikuja na koki ya bia ya pipa imeviringishwa kwenye gazeti, mkono wa koki umekatika. Kaanaeli aliutengeneza mkono mwingine mchana uleule.

"Imepona," alisema.

"Mkono ndio umepona," Resiato akajibu. "Ugonjwa hujaugusa. Nikifungua, nusu glasi ni povu. Nikingoja litulie, mteja anagonga meza. Nikilimwaga, nimemwaga bia yangu. Na kila pipa lina tabia yake, la jana limetulia kama ng'ombe aliyeshiba, la leo lina wazimu."

"Si upunguze kasi?"

"Nipunguze na nini, fundi? Hiyo ni kufungua au kufunga. Katikati haina."

Kaanaeli alipanda mlimani na maneno hayo. Alikula nayo, akalala nayo. Kabla ya wiki kuisha alikuwa amechora, nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, koki yenye mlango mdogo ndani ya tumbo lake, na skrubu ubavuni ya kuuinua na kuushusha mlango huo. Hakuna aliyemletea kielelezo. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kuchora kitu ambacho bado hakikuwapo.

Elizabeth aliikuta kalenda mezani.

"Koki ya nini hii, Baba Godwin?"

"Ya kinywaji."

"Kinywaji gani?"

Akanywa uji.

"Nimekuuliza kinywaji gani."

"Bia."

Elizabeth aliigeuza kalenda ikaonyesha miezi. "Pombe haiingii katika ua huu. Na sheria hiyo uliitunga wewe, si mimi."

Ni kweli. Kaanaeli alikuwa mzee wa kanisa, na miaka minne kabla baraza la wazee wa usharika wetu lilikubaliana kwamba Mkristo wa hapa asitengeneze pombe wala asishiriki katika biashara yake. Wa kwanza kuguswa alikuwa Catherine, mjane aliyepika pombe ya ndizi na kusomeshea watoto. Alitengwa na Meza ya Bwana miezi saba. Aliporudi kundini ilibidi asimame mbele ya usharika mzima, kama desturi ilivyo, aulizwe kama anaijutia kazi ile na kuiacha, na ajibu kwa sauti. Alijibu kwa sauti. Kaanaeli alikuwa miongoni mwa wazee waliokuwa wameketi mbele siku hiyo, wakimtazama.

"Koki si pombe," Kaanaeli alisema.

"Pipa la Catherine nalo halikuwa pombe. Wazee mkalibeba."

Kwa hiyo hakuleta bia nyumbani. Alileta soda. Alinunua kreti moja, akachukua pampu mpya ya kupulizia dawa ya kahawa, akaifunga koki yake mwishoni mwa mpira, akaenda nayo migombani. Alipampu, akafungua. Soda ilitoka kwa fujo. Akakaza skrubu nusu mzunguko, ikatoka taratibu, ikajaa glasi na povu la upana wa kidole, nalo likazama lenyewe bila kelele. Alirudia mara kumi na moja. Elizabeth, aliyekuwa akimwangalia kutoka jikoni, alimwona akicheka peke yake na migomba.

Mtu mwingine yeyote angenunua chupa mbili za bia akamaliza ubishi. Povu la soda hufa lenyewe. La bia lina uhai, likishainuka halishuki kwa kuambiwa. Kaanaeli hakulijua hilo kwa sababu hakuwahi kuitazama bia kwa karibu. Alikuwa amejitunza, na kujitunza kwake kukamdanganya.

Jumamosi mchana alikwenda Themi, akafunga koki kwenye pipa la Resiato mbele ya wateja wapatao ishirini. Alikuwa amevaa shati jeupe. Alifungua. Povu lilijaa glasi, likavuka, likamshuka mkononi hadi kwenye kiwiko. Akakaza skrubu. Likaongezeka. Akakaza tena, likatoka povu tupu, jeupe, linapiga chafya.

"Fundi, hiyo ni bia au sabuni ya kunyolea?" mtu mmoja alipaza sauti.

"Mpeni wembe!"

"Mwacheni, huyo ni mzee wa kanisa. Anatubatiza!"

Baa nzima ikaanguka kicheko. Resiato naye alicheka, halafu akamwona uso, akaacha. Alimpa taulo. "Kaifikirie tena," alimwambia. "Wenzako wote niliowauliza wameniambia haiwezekani. Wewe angalau umelowa."

Jumatatu alimwomba Twahir aruhusu pipa moja la bia likae karakanani wiki mbili.

"Chuma nitakupa," Twahir alisema. "Mashine nitakupa. Chuma hakina dini. Ila bia ikivuka mlango huu, jioni nitakuwa nimelala nje. Humjui mke wangu Nusura wewe."

"Basi nitaijaribia wapi?"

"Iliko bia, kaka. Iko kwingine?"

Ndivyo mzee wa kanisa alivyoanza kwenda baa kila siku saa tisa alasiri. Alikaa nyuma ya kaunta kwenye kreti iliyopinduliwa. Alijaza glasi, akaitazama, akaimwaga. Alijaza nyingine. Hakuonja hata tone. Resiato anaapa hivyo mpaka leo, na Resiato si mtu wa kuapa ovyo. Lakini anayepita barabarani haoni tone lisiloingia mdomoni. Anaona mzee aliyekaa baa, glasi iko mbele yake, leo na kesho na keshokutwa. Habari zilifika mlimani kabla yake.

Siku moja, akipanda kwenda nyumbani, alikutana na Catherine kwenye mfereji, akiyafungulia maji shamba lake.

"Shikamoo, mzee wetu."

"Marahaba, mama."

"Nasikia unapika."

"Sipiki, Catherine. Natengeneza koki."

"Mimi nilikamua ndizi, wewe unakamua chuma." Alikuwa akitabasamu, lakini jembe alilishika kama mtu anayetaka kujibiwa. "Mimi nilikuwa na ada za shule. Wewe una nini?"

Kaanaeli aliyageukia maji. Mfereji ule ulichimbwa na babu zetu kukata ubavu wa mlima, ukizunguka kila kilima badala ya kushuka moja kwa moja, na maji ndani yake hupita kimya. Palipobomoka tu, pale yaliporukia jiwe, ndipo yalipofanya povu. Alichutama hapo mpaka Catherine akamuuliza kama anaumwa.

Mlango wake mdogo ulikuwa ndio jiwe. Bia ilitoka kwenye pipa na nguvu zake, ikakutana na ukingo mkali, ikashtuka. Haikutakiwa kuzuiwa. Ilitakiwa kusindikizwa. Kesho yake aliutoa mlango, akakereza kipande cha shaba kirefu, chembamba mbele na kinene nyuma, laini kama kokwa la parachichi, kikikaa ndani ya koki na kusogezwa na skrubu ileile. Bia ingepita pembeni yake pote, kwenye njia nyembamba na ndefu, ikipoteza nguvu kidogo kidogo. Alikivunja mara mbili. Cha tatu alikifunga siku ya Alhamisi, na bia ikatoka kama maziwa kutoka kwenye sufuria, povu la vidole viwili likakaa juu na kutulia. Resiato akabadilisha pipa, akaleta lile lenye wazimu. Kaanaeli akageuza skrubu robo. Ikatulia.

Wateja waliomcheka walikuwapo wachache. Mmoja alisogeza glasi yake mbele, na ndiyo pongezi Kaanaeli aliyoipata.

Jioni ileile aliitwa na wazee. Mwenyekiti alikuwa Mzee Solomoni, waliyesoma naye darasa moja, na alitaka jambo liishe.

"Unakunywa?"

"Sinywi."

"Tunajua hunywi. Basi tuandike kwamba ulikuwa unatengeneza bomba la maji pale, tufunge."

"Si bomba la maji, Solomoni."

"Ni bomba. Linapitisha kitu cha majimaji."

"Catherine alipokuja mbele yetu mlimwandikia nini? Kwamba alipika supu?"

Wazee walitazama meza. Ikabaki njia moja, ile ya wote: Jumapili asimame, aulizwe, ajibu maneno mawili, wiki ijayo arudi kitini pake na kwenye kwaya yake. Asipojibu, asikaribie meza wala asiimbe. Alikubali. Alikubali kwa ajili ya Elizabeth, ambaye usiku ule wa Alhamisi alimnyoshea shati.

Jumapili alisimama. Mchungaji aliuliza kama alivyouliza wengine, kwa upole, akitaka kupita haraka: je, unaijutia kazi hii na kuiacha?

Kaanaeli aliiangalia mikono yake. Watoto wakaacha kuchezea mabenchi.

"Kuiacha, nimeiacha," alisema, na besi ile ikafika mpaka mlangoni. "Imekwisha, inafanya kazi. Kuijutia, bado. Nimejaribu tangu Alhamisi."

Nyuma kabisa, Catherine alicheka, sauti moja tu, kisha akaweka kanga mdomoni. Mchungaji akauliza tena, taratibu zaidi. Kaanaeli akatikisa kichwa, akatoka kwa mlango wa pembeni. Kwaya ilikuwa na wimbo wa kuimba, na Elizabeth aliuimba.

Nyumbani Elizabeth alimkuta mumewe ameketi kwenye kizingiti cha jiko.

"Lilikuwa neno moja," alimwambia. "Moja."

"Wewe ungelisema?"

"Ningelisema. Hata kama ni uongo, ningelisema kwa ajili yako, nikaenda kutubu uongo baadaye."

Hilo lilimuumiza kuliko yote aliyoambiwa, kwa sababu alijua ni kweli.

Wiki iliyofuata Resiato alifika Kimandolu akiwa amechangamka. Wenye baa wenzake walikuwa wameiona koki. Alitaka nyingine kumi.

"Sitengenezi tena," Kaanaeli alisema.

"Kwa nini?"

"Nilisema mbele za watu kwamba nimeiacha."

"Lakini si wamekutenga!"

"Wamenitenga kwa lile la kujuta. La kuacha walilikubali. Nimeshalisema."

Resiato alimtazama Twahir, kama anayeomba mkalimani. Twahir akainua mabega.

"Nyie Wameru," Resiato alisema, "mna vichwa vya kuchemsha siku tatu." Akaifungua kanga aliyobeba, akaitoa koki, akaiweka mezani mbele ya Twahir. "Haya. Nitengenezee zingine kama hii."

Twahir hakuigusa siku hiyo wala ya pili. Siku ya tatu alikuja na uso wa mtu asiyelala. "Kaka, kazi imeingia karakanani. Nikiikataa, itavuka barabara iende kwa jirani. Niambie niikatae, nitaikataa."

"Ifanye," Kaanaeli alisema. "Shaba ipitishe msasa mara mbili. Ikibaki na mchubuko hata mmoja, itatoa povu."

Alimwonyesha pa kupimia. Alisimama pale wakati Twahir anakereza kipande cha kwanza, akarekebisha pembe ya kisu, akasimama wakati wa cha pili. Kilipofika cha tatu, Kaanaeli alivua koti la kazi, akalitundika, akasema anakwenda kununua sigara. Hajawahi kuvuta sigara, na hakurudi. Makokwa yale manane yaliyobaki Twahir aliyamaliza peke yake, na baa kadhaa za mjini sasa zinamimina bia kwa koki ambayo watu huiita ya Resiato.

Kaanaeli yuko Kisongo, karibu na uwanja wa ndege, kwenye karakana inayotengeneza pampu za visima. Amepanga chumba kimoja, na hupanda nyumbani mwisho wa mwezi.