Beji ya Mgombea wa Ilagala

Beji moja ya bati ilininyima usingizi. Ina sura ya mzee aliyegombea udiwani kule Ilagala akashindwa. Alinipa mwenyewe, akisema, "Itunze, wajue nilijaribu." Sasa ni marehemu, na binti yake, Dada Neema, alinipigia simu akiiomba. Nyingine haipo. Nikiitoa, nimevunja ahadi. Nikikataa, mimi ni mtu wa namna gani?

Kukusanya vitu vya kampeni nilifundishwa na Bibi Tausi, fundi cherehani wa Ujiji aliyewashonea wagombea sare kwa miaka mingi. Siku ya kwanza nilimpelekea kofia za mbunge aliyeshinda, nikijisifu. Alicheka hadi akaacha kushona.

"Hizo hata kuku wanatagia, mjukuu wangu. Tafuta za walioshindwa. Wao huzichoma moto."

Akanifunza utaratibu. Nyumba ya aliyeshindwa unaingia kama unaingia msibani: unasalimia, unakaa, huulizi kura. Kanga au beji huitaji mpaka mwenyeji aitaje. Fulana hatufui, maana vumbi la mkutano ni sehemu yake. Beji tunazifunga kwa kitambaa kikavu, kwa kuwa unyevu wa ziwa huanza kula pini. Na kitu kikishaingia sandukuni, hakitoki. Kanuni hizo nilizishika tangu sekondari hadi nikamaliza chuo, nikizunguka toka Katubuka mpaka Kagunga.

Nilimwambia Dada Neema kwamba ningeipiga beji picha nzuri nimtumie.

"Picha ulishanitumia," alijibu. "Mama haoni siku hizi. Ya kwenye simu ataishikaje? Beji zetu zote zilikwenda na maji ziwa lilipojaa."

Nikakimbilia kwa Bibi Tausi, nikitaka aamue yeye.

"Bibi, kanuni si yako?"

"Ndiyo, yangu. Na kuwaza nikuwazie? Msomi mzima unaniletea kichwa nikushonee!"

Nilikwenda Ilagala na beji mfukoni. Njiani nilipanga kusema kwamba ninawaazima tu. Nilipofika nilimwamkia mama, nikakaa, beji sikuitaja, kama nilivyofundishwa. Mwishowe akanyoosha mkono.

"Neema kasema umekuja na mzee wangu."

Nikamwekea beji kiganjani. Kidole gumba chake kilipita juu ya bati polepole, kikasimama penye bonde dogo ambalo siku zote nililiona kama kasoro.

"Hapa nilimpiga kwa kiatu," akasema, "siku ya matokeo. Nilimwambia umetutia aibu, itupe. Ilianguka, akaiokota, akaivaa kwenda shamba. Kila siku, mpaka watu wakachoka kumcheka."

Dada Neema alinitazama, akisubiri nitaje masharti. Nilikuwa nayo yote mdomoni.

Nikapiga goti, nikafungua pini iliyokazwa na kutu, nikaibana beji kwenye kanga ya mama, begani.

"Ni yenu, Mama. Sitaifuata."