Maziwa ya Aliyepasuliwa

Nakumbuka nilivyorudi Kinna kutoka hospitali ya Isiolo, nimembeba baba yako, tumbo lina nyuzi, na hakuna mwanamke hata mmoja aliyeniletea maziwa.

Mjukuu wangu Zainabu, desturi yetu unaijua. Mama akizaa, majirani huja na vibuyu vya maziwa, wanampaka samli kichwani, wanapiga vigelegele. Lakini mimi nilikuwa nimepasuliwa, na mashangazi wa mume wangu waliamua kwamba sikuzaa, nilitolewa mtoto tu. Tena wakanung'unika kwamba mke aliyekatwa tumbo hawezi kujaza boma watoto. Nililia mpaka maziwa yangu mwenyewe yakagoma kutoka.

Mama mkwe wangu hakuwa mtu wa maneno mengi. Binti yake wa kwanza alikuwa amekufa kwa uchungu, mtoto angali tumboni, baada ya mashangazi hao hao kukataa apelekwe mjini kupasuliwa. Basi aliwaita, akawakalisha mbele yangu.

"Mnasema huyu hajazaa. Kwani mtoto alikuja na ndege?"

Mmoja alitaka kucheka, akafunga midomo alipouona uso wa mama mkwe.

"Wangu hakukatwa, vile mlitaka. Kaburi lake liko hapo nyuma. Leteni maziwa."

Jioni ile maziwa yalikuja mengi kiasi kwamba nilikunywa huku nikiomba nafasi ya kupumua. Nilimpenda yule mama tangu siku hiyo, na bado nampenda.

Sasa wewe jana umerudi kutoka kliniki uso umekunjamana, mtoto amekingama tumboni, daktari anataka kukupasua, na unaniuliza watu wa mume wako watasemaje. Watasema. Hapa Kiwanjani wazee wenzangu wanasema wasichana wa leo ni wavivu wa kuzaa. Wanasahau kwamba nyinyi mnasoma kwanza, mnaolewa mmekomaa, mnataka watoto wawili watatu, na hospitali mnafika kwa bodaboda. Enzi zetu hatukuwa na nguvu kuliko nyinyi. Waliohitaji kisu hawakukipata, na hawakurudi kutuhadithia.

Sikiliza basi. Mtoto akikaa vizuri, usiombe kisu kwa kuogopa uchungu au kwa sababu rafiki yako alichagua tarehe; kidonda hicho nakijua, hakina mchezo. Lakini ukiambiwa bila kisu mtakufa, usikatae kwa ajili ya midomo ya watu. Zungumza na mume wako leo, kabla hajaenda Gotu kuchunga ngamia, mkubaliane mapema. Na siku moja ukiwa mama mkwe, usimpime mtu kwa njia aliyozalia.

Kibuyu changu nimeshakifukiza moshi ili maziwa yanukie. Utakapotoka chumba kile cha upasuaji, maziwa ya kwanza yatakuwa mkononi mwangu, na vigelegele nitapiga hata kwa meno haya machache. Mungu akufungue salama, akurudishie mwili wako, akupe mtoto mwenye afya, asikorome kama baba yako.