Uji wa Pilipili Manga

Mkwe wangu kapika uji wa mchele leo, kautia tui na pilipili manga, na harufu yake imenifikia hapa nilipolala. Nimemwambia sina njaa.

Nilikuwa mtoto wa miaka saba hivi, nimerudi kutoka mjini kupasuliwa jipu la paja. Walinilaza kwenye kitanda cha kamba, barazani uani. Mama alinisafisha kidonda kwa maji ya chumvi, shangazi akinipepea nzi, na bibi hakubanduka kichwani pangu.

Jirani yetu akapiga hodi, na bakuli mkononi. Huyu ndiye aliyeninyonyesha nilipozaliwa, mama alipokuwa hoi kwa homa, na yeye pia nikimwita mama. Lakini zilikuwa zama za siasa. Mumewe alikuwa chama kingine, na nyumba yetu ilikuwa haiwapi tena salamu.

"Nimemletea mwanangu uji," alisema.

Bibi akaniambia, "Pokea." Nikapokea, mate yakinijaa mdomoni.

"Haya, mwaga. Hapo hapo miguuni pake."

Nilimtazama mama. Mama akainamia kidonda.

Nikamwaga. Uji ulikuwa wa moto, nikaona anavyokunja vidole vya miguu. Kuku wakaja mbio. Akalichukua bakuli lake, akalifuta kwa leso.

"Ugua pole, mwanangu," akasema, akaondoka.

Bibi akanipapasa kichwa. "Huyu ndiye mjukuu wangu," alisema, na mimi, wallahi, nilifurahi.