Kiti Kinachosubiri Hewa Nzito

Jirani yangu ni fundi magari. Ndege yake ya mtu mmoja ilipokaribia kukamilika, aliniomba nimtengenezee kiti cha kumrusha nje mambo yakiharibika angani. Alitaka kupaa upande wa Kahe, kwenye tambarare chini ya mlima wetu, juu kuliko ndege ndogo zote alizowahi kuziona. Mimi nachomelea mageti. Habari za ndege nilijifunza mwenyewe, kwa kusoma polepole na kujaribu kila nilichosoma.

Kukirusha kiti si kazi kubwa. Kazi ni kusubiri. Huko juu hewa ni nyepesi na baridi kali; mwavuli mkubwa wa kushukia ukifunguka mapema, rubani atabaki akining'inia bila pumzi. Kwa hiyo mwavuli mdogo humzuia asipinduke ovyo wakati anaanguka, na mkubwa hufunguka akishafika penye hewa nzito. Kifaa cha kuamua hilo nilikiunda kwa kikopo cha plastiki, mdomoni nimekaza mpira wa tyubu. Mlimani mpira hutuna, kama pakiti za krispi zinavyotuna kwenye mabegi ya wageni wanaopanda. Ukishuka, hunywea na kuvuta pini inayofungua mwavuli.

Shemeji yangu, anayeongoza wageni mlimani, alikibeba kikopo ili kukijaribu. Pini ilipaswa kuchomoka wakati wa kushuka, anapoingia msituni.

"Shemeji, mtoto wako hakulia njia nzima," aliniambia aliporudi.

Pini haikuchomoka. Mpira ulikuwa bado umetuna, hapa nyumbani, katikati ya migomba. Nilipoulegeza ilitoka hewa yenye harufu ya mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Kikopo kilikuwa kile nilichozoea kubebea mbege kutoka kwa mama. Nilikiosha, lakini machicha ya ulezi yalibaki kwenye mikunjo ya mdomo, yakaendelea kuchacha.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. "Umempikia rubani pombe!"

Nami nikacheka. Kisha akilini nikamwona jirani akianguka, mwavuli mkubwa umefungwa mpaka ardhini.

Jioni jirani alikuja kuchukua kiti, nikamweleza yaliyotokea.

"Si ubadilishe kikopo tu? Anga limetakata, na mvua ziko njiani."

"Kiti hakitoki hapa."

"Ndege ni yangu, kaka."

"Ni yako. Ruka bila kiti, basi."

Akaondoka bila kuaga. Nami nikaanza upya, kwa kikopo cha shaba. Nilikichemsha, nikakianika juani, nikaziba maungio kwa lehemu kikiwa kikavu kabisa, kisha nikakaza mpira mpya mdomoni. Nilipokimaliza nilikwenda kwake, nikamwekea mkononi.

"Safari hii utakibeba wewe."

Tulipanda watatu, shemeji akiongoza, mpaka msitu ukabaki chini yetu na mpira ukatuna. Wakati wa kushuka jirani alikishika kikopo kwa mikono miwili. Kwenye miti ya kwanza yenye ndevu za kuvu, pini ilichomoka: tak. Shemeji akapiga makofi.

Jirani hakupiga. Alikigeuza kikopo, akakitazama chini na juu, akairudisha pini mahali pake. Kisha akageukia tulikotoka.

"Tupande tena," akasema.