Bwana afya alivyonisafishia bwawa la samaki kwa mrututu

Wakuu, hamjambo. Mimi ni bibi wa watu, mjukuu ndiye anayeniandikia, lakini maneno ni yangu na sitatia chumvi.

Miaka ya sitini niliolewa Paya, huku Tororo. Nikambembeleza mama mkwe anipe kipande cha shamba lake la wimbi, yaani ulezi, nichimbe bwawa la ngege, samaki mnaowaita perege. Akakubali kwa shingo upande: samaki wakinishinda, wimbi linarudi.

Bwawa halina mambo mengi. Unatupa samadi, maji yanageuka kijani. Ule ukijani ni mwani mdogo sana, vijana mnauita algae, na ndio chakula cha ngege. Wanawake tulipima kwa mkono: ukizamisha hadi kiwiko na vidole visionekane, samaki wanashiba.

Vyangu havikuonekana. Nilifurahi mno.

Basi akaja bwana afya kutoka Busia, soksi hadi magotini.

"Mama, maji hii ni chafu. Wakubwa nakuja Jumatatu. Mimi nasafisha."

Akamwaga mrututu, yale mawe ya buluu wanayopulizia kahawa kule mlimani. Ile ni shaba, wakuu, na shaba inaua mwani, ikizidi inaua hata samaki. Nikamuuliza samaki watakula nini, akacheka, akaniambia sikusoma.

Kauli hiyo inaniuma mpaka leo.

Jumatatu maji yalikuwa meupe, unaona hadi matope ya chini. Wakubwa wakampa mkono. Ijumaa ngege wote walielea, matumbo juu. Akarudi, akatazama, akasema nimewanyima chakula kwa uvivu.

Mvivu mimi, niliyelichimba lile bwawa kwa jembe nikiwa na mimba ya miezi sita.

Nikangoja mama mkwe adai shamba lake. Alipiga magoti ukingoni, akazamisha mkono hadi kiwiko, akavitazama vidole vyake vyote vitano. Kisha akachota kibuyu kikajaa, akamnyooshea bwana afya.

"Bwana, maji yako ni safi sasa. Kunywa."

Hakunywa. Alipanda baiskeli yake akaenda.

Wimbi halikurudi. Tulichimba bwawa lingine kando ya lile, na mama mkwe alishika jembe mwenyewe.

Nililojifunza: mtu akija kukusaidia bila kuuliza unapimaje kazi yako, mzuie mlangoni, hata awe na soksi ndefu namna gani.

Wenye mabwawa humu, nanyi mnapima kwa mkono? Na nani mwingine aliwahi kusafishiwa mali yake hivi? Andikeni, mjukuu atanisomea.