Pyo Gil-do na Tairi za Misimu Yote

Nina miaka ishirini na sita nauza tairi hapa Yongdae, chini ya mlima, na sijapata kuona mtu anayechagua tairi kama Pyo Gil-do. Wengine huziinamia, wakapitisha kidole kwenye kashata, ile mifereji ya mpira. Yeye alirudi nyuma hatua tano, akafumba jicho moja, akazitazama kama anayechagua mchumba.

Pyo ni mkausha samaki. Kila Desemba huwatundika kwenye vichanja vilivyojaa uwanja mzima, usiku wanaganda, mchana wanayeyuka, hadi Aprili wawe wa manjano na laini, ndio hao tunaowaita hwangtae. Kwa miaka arobaini aliendesha kilori cha bluu kilichonuka hivi kwamba paka walizijua siku zake za kupita. Halafu akiwa na miaka sitini na sita akaenda Seoul kwa basi, akarudi na gari jeusi la kifahari, pana, viti vya ngozi, usukani unaopashwa moto. Kijiji kizima kilitoka nje. Mimi nilitazama chini kwanza, kwa sababu ya kazi yangu, nikaona tairi za kiangazi. Nikaguna.

Wiki hiyohiyo alikuja dukani. Marehemu mume wangu alikuwa rafiki yake, kwa hiyo ananiita shemeji, na hudhani jina hilo linampa ruhusa ya kubishana nami bure.

"Shemeji, livalishe hili tairi nipande nalo mlima. Jumamosi saa sita mchana nakutana na wakwe Sokcho."

Nilijua. Binti yake wa pekee, Se-jin, ni muuguzi huko Sokcho, mji wa ng'ambo ya mlima, na kijana aliyempata, Hyeon, ameshakuja kula supu kwa Pyo mara mbili. Sasa ilibaki ile siku ya wazazi na wazazi, meza moja, kila mtu ananyoosha mgongo na kutafuna polepole.

"Hongera," nikamwambia. "Za baridi hizi hapa. Zinataka rimu ndogo kidogo, inchi kumi na tisa."

Akaziangalia, akaangalia gari lake. "Hizo? Unataka nivae suti na makubazi?"

"Nataka ufike."

"Nipe za misimu yote, saizi ileile ya ishirini na moja. Baridi si msimu? Au mwaka huu wameufuta?"

"Ni msimu, kaka Pyo. Hata daktari wa magonjwa yote yupo. Jino likikuuma unakwenda kwa nani?"

"Muuzaji kaniambia hili linavuta tairi zote nne!"

"Linavuta, sawa. Kuvuta kunakupandisha. Kushuka upande wa Sokcho nani atakushika, mkweo?"

Akacheka, lakini hakuniachia. Basi nikashusha bei ya ugomvi. Nikamweleza kwamba hata hizo za misimu yote hazilingani. Zipo zenye alama ya mlima na chembe ya theluji ubavuni, hizo zimejaribiwa kwenye theluji kwelikweli, mpira wake haugeuki jiwe baridi ikikaza. Na zipo zenye herufi tupu, ahadi ya mwenye kiwanda tu. Zenye alama, kwa saizi yake, zingefika Jumatatu.

"Jumatatu! Nikawaambie wakwe wasubiri mzigo wako?"

"Basi chukua hata minyororo ya kuzungushia tairi."

"Minyororo? Juu ya rimu hizi?" Akaziwekea mkono kama mtu anayeziba masikio ya mtoto asisikie matusi.

Nilisusa kubishana. Nilimfungia zile zenye herufi tupu nimenuna, kila nati nikiikaza kana kwamba ni shingo yake. Aliniaga kwa furaha, mpumbavu yule, na mimi jioni ile nilikula chakula bila kukisikia ladha.

Jumamosi asubuhi alituita kwenye tambiko la gari. Baridi ilikuwa nyuzi kumi na nne chini ya sifuri. Nilikwenda na lori langu la kuvutia magari, maana nilikuwa na kazi njiani, na maana kichwa cha nguruwe anachopika Mama Se-jin, mkewe Pyo, hakikosi mtu. Kichwa kilikuwa mezani mbele ya gari, kimechemshwa, kinatabasamu. Pyo alivaa suti mpya na koti refu. Akainama mara tatu, akaomba safari ya heri, kisha akaanza kuzimwagia tairi pombe ya mchele kama desturi ilivyo.

Desturi ni bakuli moja kwa kila tairi. Pyo, kwa kuwa gari ni kubwa, alimwaga birika zima kwa kila tairi.

"Kaka Pyo, inatosha!"

"Wacha, shemeji! Si ulisema zinaona baridi? Nazipasha mwili."

Watu wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe. Kisha tukala nyama, mwenyekiti wa kijiji akatoa hotuba, watu wakapiga picha na gari, wakarudia kupiga kwa kuwa mtu fulani alikuwa amefumba macho. Nusu saa ikapita. Hakuna aliyekumbuka ile pombe. Uwanja wa Pyo una mteremko, na huko chini ndiko vichanja vilipo.

Saa nne na nusu Mama Se-jin akapanda, hanbok yake ya buluu, vazi letu la heshima, imekunjwa vizuri magotini. Pyo akapiga honi, akakanyaga mafuta. Tairi zote nne zikazunguka, kama muuzaji alivyoahidi. Gari halikwenda mbele hata shubiri. Pombe ilikuwa imegeuka barafu nyeupe chini yake na kwenye kashata zote, na gari likaanza kurudi nyuma, polepole, likajipinda ubavu, likateremka kwa adabu zake zote.

"Breki!" tukapiga kelele.

"Nimeshika!" akajibu Pyo kupitia dirishani, na ni kweli alikuwa ameshika. Tairi zilisimama kabisa. Gari liliendelea.

Kichanja cha kwanza kikavunjika, kikaangukia cha pili, cha pili kikaegemea cha tatu. Samaki wakamiminika juu ya bati kwa kishindo kama mvua ya mawe. Kwetu, mtu akinunua gari hufunga samaki mmoja mkavu kwa uzi, akamweka ndani kwa ajili ya baraka. Pyo alikuwa hajamfunga wa kwake bado. Sasa alikuwa nao mia nne.

Nikiri jambo moja: juu ya barafu ile hata tairi zangu za baridi zingeteleza kidogo. Lakini hilo simwambii mpaka nizikwe.

Mama Se-jin alitoka kupitia dirishani, tukampokea. Akakung'uta hanbok yake.

"Baba Se-jin," akasema, "mimi nilikuambia tuende na kilori."

Pyo naye akajitoa. Alisimama katikati ya samaki, akaniangalia. Saa ilikuwa saa tano kasoro. Hasira zote zikanitoka.

"Pandeni," nikasema.

Tukabanana watatu mbele ya lori langu, lenye winchi nyuma na jeki chini ya miguu yao. Mlimani theluji ilikuwa inaanguka nene. Tukapita gari moja la Seoul limechomeka pua kwenye tuta, tukapita jingine. Lori langu likatambaa taratibu, likishuka kona kwa kona, likisimama nilipoliambia lisimame. Pyo alikuwa akichungulia kioo cha pembeni, anazitazama tairi zangu.

"Zinang'ata," akasema kwa sauti ndogo.

Nikanyamaza. Ilinichukua nguvu nyingi.

Baadaye kidogo akasema, bila kumtazama mtu, "Mnadhani nilinunua gari kwa majivuno. Shuleni walikuwa wanaziba pua Se-jin akipita. Wanamwita binti wa mkausha samaki. Hakuniambia, mwalimu ndiye aliniambia. Nilitaka leo, siku moja tu, asione haya."

Mama Se-jin akamshika mkono. Mimi nikawasha vipangusio vya kioo, ingawa vilikuwa vinafanya kazi tayari.

Tulipoingia Sokcho akanisihi nimshushe kona mbili kabla ya hoteli walikotungojea wakwe, atembee. Ningefanya hivyo, lakini Bwana Tak, baba yake Hyeon, alikuwa amesimama nje ya hoteli kwenye theluji bila kofia. Aliendesha basi la mlimani miaka thelathini na moja, na watu wa namna hiyo hawakai ndani mtu akiwa njiani. Alituona. Hakutazama nyuso zetu, alitazama tairi, akachuchumaa, akaingiza kidole kwenye kashata.

"Nani kachagua hizi?"

Pyo akakohoa. "Huyu shemeji yangu. Gari langu mimi... liko kwa fundi. Linapakwa rangi."

Niliuma ulimi. Bwana Tak akang'ang'ania nami niingie nile, eti dereva wa mlimani haachwi nje, kwa hiyo niliyaona yote kwa macho yangu.

Mezani migongo yote ilinyooka. Mama Hyeon alisifu rangi ya hanbok. Se-jin alikaa mkono wa kushoto wa baba yake, vidole vimebana kitambaa cha meza. Bwana Tak akainua kikombe, akaanza maneno ya kuwakaribisha wakwe. Pyo alikuwa anatoka jasho. Akaingiza mkono mfuko wa koti, akavuta leso, na leso ikatoka na samaki.

Mmoja wa wale mia nne akaanguka katikati ya meza, kati ya supu na kachumbari ya kabichi. Mkavu, mdomo wazi, macho kwa Bwana Tak.

Shingo ya Pyo ikawa nyekundu mpaka kwenye nywele.

"Gari haliko kwa fundi," akasema. "Liko chini ya samaki. Mia nne. Nililinywesha pombe barafu ikashika, na tairi nilizichagua mimi mwenyewe, kwa sababu zilikuwa zinapendeza. Mimi ni mkausha samaki tu, mkwe. Nisameheni."

Bwana Tak alijaribu kujizuia. Mabega yakaanza, kisha akaegemea ukuta akacheka machozi yakamtoka, akiuliza, "Birika zima? Kila tairi?" Mkewe alimpiga kofi la paja, kisha naye akashindwa. Pyo aliwatazama, hajui acheke au akimbie.

Hyeon, kijana mwenye adabu, akanyoosha mkono amwondoe samaki mezani. Se-jin akamwahi.

"Mwache," akasema. "Huyo ni wangu. Mimi ni binti wa mkausha samaki."

Akavuta uzi uliokuwa unaning'inia kwenye mkono wa koti la baba yake, akamfunga samaki kiunoni mara tatu, akamweka mapajani. Pyo akainamia supu yake muda mrefu sana, na tukamwacha, hakuna aliyemwambia kwamba supu imeshapoa.

Jumatatu alikuja dukani na gari linalonuka kuliko kilori.

"Zile za inchi kumi na tisa," akasema, "bado unazo?"