Watoto Kumi na Saba Niliowazalisha Nikitwanga Mpunga

Mwanangu, kuna asubuhi moja ninayoikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na siku ya harusi yangu nilikula vizuri. Ilikuwa siku ya soko, miaka ya vita, hapa hapa Kindu, katika maternite ndogo ya mtaa wa Kasuku, nyumba ya kuzalishia. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimevaa koti jeupe la kuazima, na mbele yangu mwanamke alikuwa akitokwa na damu kwa sababu yangu.

Ngoja kwanza nikuambie mimi ni mtu wa namna gani, usije ukadhani unashauriwa na shujaa. Mimi ni mtu wa nyumbani. Tangu utotoni nikitumwa sokoni nilikuwa nauliza kama hakuna mwingine wa kutumwa. Wenzangu vita viliwakimbiza mpaka msitu wa Obokote. Mimi vilinikuta nyumbani na vikaniacha nyumbani. Hata sekondari ya uuguzi niliisoma kwa sababu shule ilikuwa nyuma ya parseli yetu, kiwanja cha nyumba ya wazazi wangu. Kuna watu wanaosema waliitwa na kazi. Mimi niliitwa na ukaribu.

Basi miaka ile mji ulikuwa umefungwa. Treni haziji, chumvi haionekani, na kila mtu anamshuku mwenzake. Aliyenunua sabuni mbili alishukiwa ana watu fulani wanaomletea. Aliyekosa sabuni alishukiwa ameificha. Katika hali hiyo sisi wanafunzi wa mwaka wa mwisho tulikuwa tunatafuta kumaliza staji.

Staji ni ile kazi ya mazoezi unayofanya hospitalini kabla ya mtihani. Kila mmoja ana daftari yake. Umezalisha, unaandika jina la mama, siku, mtoto wa kiume au wa kike, halafu mkubwa wa kazi anatia sahihi. Sisi tulidaiwa uzazi ishirini. Bila ishirini huendi mtihani, bila mtihani huna diploma, na bila diploma koti jeupe ni nguo ya kuendea ubatizo.

Shida ilikuwa hivi: wanafunzi wengi, wanawake wa kujifungua wachache. Wanawake walikuwa wanazalia majumbani na mashambani, wanaogopa njia. Akiletwa mmoja, tunamkimbilia sita. Tukaanza desturi yetu. Mmoja anazalisha, wote sita tunaandika. Tuliona ni undugu, kama tulivyokuwa tunagawana chumvi. Na kwenye ile posti ya afya ya kwanza tuliyopelekwa, mkubwa wa pale alikuwa na haraka zake. Alitia sahihi kurasa tano kwa pumzi moja.

Mimi, kwa uvivu wangu wa kutoka nje, niliizidisha ile desturi. Sikwenda hata kusimama mlangoni. Rafiki yangu Furaha alikuwa akipita kwetu akirudi kutoka staji, ananikuta uani na mchi mkononi.

"Zaina, leo umezalisha mara mbili," alikuwa ananiambia. "Msichana na mvulana. Kazi nzuri, mama."

"Wameamka salama?"

"Salama kabisa. Mvulana anafanana na weye."

Tunacheka, naweka mchi chini, naandika. Kwa namna hiyo nilizalisha watoto kumi na saba nikitwanga mpunga. Watatu tu ndio walipita kweli mikononi mwangu, na hao pia kuna mtu aliyekuwa ameishika mikono yangu kama unavyomfundisha mtoto kushika kijiko.

Mtu huyo alikuwa Mama Ngalula, mkunga mkubwa wa maternite ya Kasuku, ambako nilipelekwa mwezi wa mwisho. Wazazi wake walikuja kutoka Kasai, baba yake mtu wa reli. Mama yule alishuku kila kitu. Ukimpa mkasi uliochemshwa, anaunusa. Ukimwambia umenawa mikono, anaigeuza kama mtu anayechagua samaki. Dawa zake chache alizificha katika chungu ambacho hata mume wake hakukijua. Tulimsema sana. Sasa mimi ni mbaya kumzidi.

Asubuhi ile wanawake wawili walifika kwa pamoja. Mmoja uzazi wa kwanza, na mtoto alikuwa anatanguliza miguu. Mwingine alikuwa Mama Riziki, mkulima wa njia ya Kailo, mtoto wake wa tatu. Alikuwa amekuja sokoni na mzigo wa muhogo, uchungu ukamkamatia hapo. Kati ya vitanda viwili kulikuwa na kitenge kimetundikwa kama pazia. Mama Ngalula alikuwa na mikono miwili tu. Akaniita.

"Daftari yako."

Nikamtolea mfukoni. Akafunua, akahesabu kwa kidole.

"Ishirini?"

"Ishirini, mama."

"Zako?"

"Zangu."

Nikaona anataka kuuliza tena. Lakini kule nyuma ya pazia yule wa kwanza akapiga kelele, na Mama Ngalula akanirudishia daftari. "Haya. Baki na huyu. Ukiona kitu, ita."

Nikabaki na Mama Riziki. Naye, mwanangu, alikuwa na shaka kumshinda hata Mama Ngalula.

"Weye mutoto," akaniambia kati ya uchungu na uchungu, "ulishazalisha kweli?"

"Mingi, mama."

"Mingi ngapi?"

"Ishirini."

"Ishirini, na njo unatetemeka hivi?"

"Ni baridi."

"Baridi ya Kindu!" akasema, akaanza kucheka, uchungu ukamkatia kicheko.

Mtoto, Mungu amweke, alijizalisha mwenyewe. Mimi nilimpokea tu. Msichana, akalia vizuri, nikamfunika, na kichwa changu kikavimba. Nikajiona mkunga. Ikabaki kondo la nyuma kutoka. Shuleni tulifundishwa kungoja, mkono mmoja juu ya tumbo, kusikiliza mwili unasema nini. Nilikuwa nimeyaandika hayo kwa wino wa rangi mbili. Lakini dakika zikapita, Mama Riziki ananitazama, na mimi nikataka aone kwamba najua. Nikashika kamba ya kitovu nikavuta.

"Usivute," akasema. "Ngoja itoke yenyewe."

"Nyamaza, mama, najua kazi."

Nikavuta tena. Ndipo damu ikaja. Sitakueleza sana. Ilikuja kwa wingi ambao daftari yangu haikuwa na mstari wake.

"Ita yule mama mkunga," akasema Mama Riziki, sauti imepungua.

"Naweza, mama. Naweza."

Hapa, mwanangu, ndipo ninapokuomba usome polepole. Niliiogopa ile damu, ndiyo. Ila nilichokiogopa zaidi ni daftari. Nikiita, Mama Ngalula atauliza ni namna gani mtu wa uzazi ishirini hajui jambo hili. Kwa hiyo nilisimama. Mwanamke anakwisha mbele yangu, na mimi nahesabu moyoni aibu itakuwa ya ukubwa gani. Alikuwa amelishika koti langu kwa nguvu tangu mwanzo. Nikasikia vidole vyake vinalegea, kimoja kimoja, halafu mkono ukaanguka kitandani.

Nikapiga kelele. "Mama Ngalula! Kuya! Sijui kazi! Si zangu, mama, zile zote si zangu!"

Mtoto wa yule mwanamke wa nyuma ya pazia, shukrani kwa Mungu, alikuwa ametoka dakika hiyo. Mama Ngalula akamkabidhi mtoto kwa bibi yake aliyekuwa amemsindikiza mama, akaja. Alifanya kwa mikono yake mambo ambayo nilikuwa nimeyaandika kwa rangi mbili bila kuyajua. Akaninyakua mkono akauweka juu ya tumbo la mgonjwa.

"Hapa. Sugua. Nguvu! Usilie juu ya muntu mugonjwa, machozi yako si dawa."

Akakimbilia chungu chake, akarudi na ampuli moja ya dawa ya kuzuia damu. Ilikuwa ya mwisho. Akachoma sindano, akamweka mtoto kwenye ziwa la mama yake, akaendelea kusugua pamoja nami mpaka mikono yangu ikafa ganzi. Damu ikapungua. Ikapungua tena. Mama Riziki akafumbua macho, akanitazama, akayageuzia ukutani.

Mgonjwa alipotulia, Mama Ngalula akanawa, akakaa, akaomba daftari na kalamu ya bik.

"Huyu wa kwanza, ulimuona?"

"Hapana, mama."

Akapiga mstari.

"Huyu?"

"Hapana. Nilikuwa nyumbani."

"Unafanya nini?"

"Natwanga mpunga."

Hakucheka. Alipiga mistari kumi na saba, taratibu, kila mmoja akiniuliza na kungoja nijibu. Ningependa anipige makofi, yangekwisha haraka. Halafu akasema, "Katika vita hii nimeshuku askari, nimeshuku mapadri, nimeshuku mume wangu. Weye nilikuamini dakika moja, kwa sababu ya sahihi. Muntu mwenye uchungu hana nafasi ya kukufanyia mtihani, Zaina. Anaamini kwamba sisi tulishaufanya. Uongo wa daftari hii haukunidanganya miye peke yangu. Ulimdanganya na yule."

Akanielekeza kwa kidole kwenye kitanda. "Nenda umwambie mwenyewe."

Nilikwenda. Ni hatua sita, na sijawahi kusafiri mbali kama siku ile. Nikamwambia Mama Riziki kwamba sikuwa nimezalisha watu ishirini, walikuwa watatu, na nusu ya hao walizalishwa na mwingine.

"Nilijua," akasema bila kugeuka. "Muntu anayejua kazi anaangalia kazi. Weye ulikuwa unaniangalia usoni, uone kama nakuamini."

Alilala pale siku tatu bila kuniruhusu nimguse. Alipopata nguvu akarudi kwao na mtoto. Mtoto akamwita Ngalula. Hakuna aliyefikiria jina la Zaina, na mimi sikulalamika.

Wenzangu walikwenda mtihani. Mimi nilibaki. Furaha hakunisemesha kwa miezi, maana Mama Ngalula, bila kuuliza majina, alituma habari kwamba kila mwanafunzi alete daftari yake mwenyewe na kuieleza kwa ulimi wake mwenyewe. Uzazi wangu kumi na saba nilianza kuutafuta upya. Mimi wa kukaa uani nilivuka Lualaba kwa mtumbwi kwenda Alunguli, nikalala kwenye viti vya maternite, nikatembea nyuma ya Mama Ngalula mpaka viatu vikaisha. Ilichukua mwaka na zaidi. Ule wa kumi na saba aliponitilia sahihi, alinusa mikono yangu kwanza. Mtihani ukafuata, diploma ikafuata. Baadaye, nchi ilipotulia na wauguzi wakaanza kuandikwa katika orodha yao rasmi, nilipanga mstari na diploma yangu nikapewa namba. Karatasi ile imening'inia sebuleni, na wageni wanadhani naringa.

Siku hizi vijana wananiletea daftari zao nitie sahihi. Nawakaribisha, nawapa chai, halafu nauliza maswali mpaka chai inapoa. Wajukuu wananiita Koko Mashaka, yaani bibi wa mashaka. Juzi msichana mmoja alinionyesha kwenye simu picha ya hati ya uuguzi yenye mihuri mitatu. Nikamwuliza mihuri mitatu inafanya nini wakati mmoja wa kweli unatosha. Nikamwuliza staji alifanyia kitanda gani. Akasema kozi yao ni ya miezi michache na staji iko "ndani ya masomo". Hajarudi kunywa chai. Na kijana wa pikipiki aliyenibeba pale Kasuku alinitolea permi yake ya kuendesha kwa fahari. Nikamwuliza alifanyia mtihani barabara ipi. Akacheka sana. Nikashuka, nikatembea kwa miguu, mimi ninayechukia kutembea.

Basi nasaha yangu ndiyo hii. Ukitaka kazi ambayo serikali haikuruhusu kuigusa bila kibali, uuguzi, udaktari wa meno, uwakili, umeme, usukani, usianze kwa kutafuta kibali. Anza na shule, na kabla hujaandika jina, nenda mwenyewe kwenye ofisi inayosimamia kazi hiyo uulize kama shule ile inatambuliwa. Usiulizie mlangoni pa shule yenyewe, muuza samaki hatakuambia samaki wake ameoza. Staji fanya kwa mikono yako, na mkubwa wako akiwa mwepesi wa kutia sahihi, mkimbie utafute mgumu. Mtihani ukifeli, rudia. Aibu ya kurudia nimeionja, inaliwa na ugali na inapita. Ukishapata diploma usijione umemaliza: nenda ukaandikwe kwenye orodha ya watu wa kazi yako, upate namba ambayo mgonjwa au mteja anaweza kuiulizia. Akikuuliza, usikasirike. Ana haki. Na siku utakayokwama, hata kama una namba na miaka thelathini ya kazi, ita mtu mapema, wakati mgonjwa bado ana nguvu ya kukushika koti.

Mwingine atakuambia kuna njia fupi na yeye anaijua. Mshuku. Nami nishuku pia, nenda kaulize kama haya niliyosema ni kweli, sitanuna.

Mungu akuweke, mwanangu. Akupe mwalimu mwenye shaka na mgonjwa mwenye maswali. Akupe mikono inayojua kabla mdomo haujasema. Na kila jina utakaloliandika katika daftari yako, Mungu ajalie mwenye jina akikutana nawe njiani akukumbuke, akusimamishe, akuonyeshe mtoto amekua namna gani. Amina.